Niko Mto Delaware, baridi inanitafuna

Mambo vipi ndugu zangu, za huko nyumbani? Mnausikia huo upepo? Niko ukingoni mwa mto Delaware, upande wa Pennsylvania. Pale ng'ambo ni New Jersey. Mto wenyewe si mpana, mtu wa Rufiji akiuona atacheka. Lakini subirini niwape kisa cha usiku wa Krismasi, mwaka 1776.

Mapinduzi ya Marekani, vita vya kujitoa kwa Mwingereza, yalikuwa yanakata roho. Jenerali wao George Washington kafurushwa New York, kakimbizwa New Jersey nzima, Bunge lao nalo limehama Philadelphia, limejificha Baltimore. Na kubwa kuliko yote, mikataba ya askari wake wengi inaisha Desemba 31. Yaani Mwingereza angekaa tu anywe chai yake, baada ya wiki moja jeshi halipo!

Basi Washington akaamua kuvuka mto huu, arudi New Jersey. Watu 2,400, farasi, mizinga 18, usiku wa giza, mapande ya barafu yanagonga mashua, theluji inapiga usoni. Waliovusha mashua wengi wao ni wavuvi wa Marblehead, mji wa pwani ya Massachusetts, vijana wa Kanali Glover, na weusi wenzetu walikuwemo. Nalitaja makusudi, kwa sababu huyo Washington anayepigania uhuru alikuwa na watumwa wake. Haya tuendelee.

Hesabu ilikuwa wamalize saa sita usiku. Mizinga ikaisha kuvuka kama saa tisa. Vikosi vyake vingine viwili, vilivyotakiwa kuvuka kwingine, barafu iliwashinda, lakini yeye akasonga, kama kilomita 15 kwa miguu hadi mji wa Trenton. Wengine hawana viatu, wamejifunga matambara. Wawili walikufa kwa baridi njiani.

Saa mbili asubuhi wakawavamia Wahessen, Wajerumani waliokodiwa na mfalme wa Uingereza. Mtaambiwa walikuwa wamelewa Krismasi. Hapana. Walikuwa hoi, siku nyingi wanaviziwa na wanamgambo wa vijijini, hata kulala walilala na sare. Kamanda wao, Rall, akajeruhiwa akafa. Karibu 900 wakatekwa.

Ila kwangu mimi kazi kubwa ilikuja baadaye, pale Washington alipowaomba askari waongeze wiki sita kwa dola 10 kila mmoja. Inasimuliwa ngoma ilipigwa ili wanaokubali watoke mbele, hakutoka hata mtu mmoja. Akageuza farasi, akawabembeleza upya, ndipo wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Na hao walikuwemo kwenye jeshi lake Januari 2, jenerali wa Mwingereza, Cornwallis, alipomfuata Trenton na jeshi kubwa. Jioni ile Cornwallis akaona amemaliza kazi, akalala. Washington na watu wake wakaacha mioto inawaka kambini, wakafunga magurudumu ya mizinga matambara yasitoe sauti, wakamzunguka gizani. Asubuhi Cornwallis anatazama: mioto ipo, watu hakuna, na mizinga inalia mjini Princeton, nyuma yake!

Jamani vidole vimekufa ganzi, nakimbilia garini.