Mvua Inayogeuka Jiwe: Mhadhara Kuhusu Mapango ya Amboni

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimekuja na birika, nimeliazima kwa jirani. Mnaotumia maji ya kisima hapa Tanga mnaujua ukoko huu mweupe wa ndani. Ukiukwangua kwa kijiko unakaidi, ukiutia ndimu unachemka povu na kuyeyuka. Basi kaeni na ndimu hiyo akilini, maana Amboni yote imo humo.

Jiwe la Amboni ni chokaa iliyotulia chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mvua ikinyesha juu yake hupita kwanza kwenye udongo. Humo mizizi na vijidudu vinapumua, na hewa ya udongoni huwa na kaboni dioksidi mara kumi, pengine mara mia, kuliko hii tunayovuta sisi. Maji yakiinywa gesi hiyo yanakuwa makali kidogo, ndimu hafifu sana, yakalila jiwe kwenye nyufa na kuondoka na chokaa yake. Hivyo ndivyo pango linavyochimbika. Halafu tone linafika darini mwa pango, mahali penye gesi kidogo kuliko iliyomo ndani yake. Gesi inatoka, kama ya soda iliyofunguliwa, na maji yanashindwa kuibeba chokaa yote. Yanaiacha pale pale. Katika birika kazi hiyo inafanywa na moto. Pangoni hufanyika pole pole, gizani.

Chokaa ya kwanza huganda kuzunguka ukingo wa tone, ikafanya kijiti chenye tundu, chembamba mfano wa mrija wa kunywea dafu. Tundu likiziba, maji hupita nje na kijiti kinanenepa. Hilo ndilo stalaktiti, jiwe la kuning'inia. Tone likianguka bado lina chokaa, nalo linajenga la chini, stalagmiti, nene na butu. Yakikutana ni nguzo. Ukilikata la chini utaona matabaka mfano wa pete za mti, na wataalamu huyasoma kujua miaka ya mvua na ya ukame iliyopita zamani sana.

Sasa kasi yake. Katika mapango mengi sentimita 10 huchukua miaka 1,000 au zaidi. Kwa hesabu hiyo kipande cha shubiri moja kilianza kudondoka kabla pwani hii haijaona msikiti wake wa kwanza. Nimewahi kumwona kijana akikivunja kipande cha namna hiyo apeleke nyumbani kuwa pambo. Roho iliniuma, na inaniuma hadi leo. Hata kushika tu kuna madhara: mafuta ya kiganja yanalipaka jiwe, chokaa mpya haishiki vizuri, na mahali hapo panakuwa peusi.

Lakini linalonitia hofu zaidi liko juu ya pango. Tukifyeka vichaka vya huko tuchome mkaa, mizizi inakufa, udongo unachukuliwa na mvua, na maji yanashuka bila ule ukali. Hayabebi chokaa ya kutosha, na mawe yanaacha kukua hata kama hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Tunaweka mlinzi mlangoni, shoka linafanya kazi juu ya paa. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya kutokata miti ya mzimuni, na Amboni watu wanapeleka sadaka zao pangoni hadi leo. Mimi ni mtu wa sayansi, na desturi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote: popote ilipofuatwa juu ya pango, ililinda mawe yaliyo chini.

Kesho asubuhi tutakaokwenda Amboni tukutane mapema. Tukifika ndani nitaomba tuzime tochi zote, tunyamaze, tusubiri mpaka tone moja lianguke.