Kosa la Kutembea Saa Kumi Alfajiri

Ndugu mwenyekiti, asante. Umenipa dakika ishirini na swali moja: polisi waongezewe nguvu ya kisheria kupambana na kero za mitaani? Jibu langu wengi hapa mnalijua, nimelisema mpaka mke wangu akilisikia anahama sebule. Hapana. Anayeomba nguvu hizo kwanza anitajie tendo analotaka kulizuia. Tendo, si aina ya watu.

Naanza na Malawi. Najua mmeshaisikia. Mtaisikia tena.

Machi 2014, Blantyre, kama saa kumi alfajiri. Mayeso Gwanda yuko njiani kwenda soko la Limbe kuuza mifuko ya plastiki. Mwenye biashara ndogo hana haja ya kuelezwa kwa nini saa kumi: ukichelewa, mwenzako keshapanga vitu vyake pale unapokaa wewe. Polisi wanamsimamisha. Hajaiba, hajatukana, hajamgusa mtu. Wanamfungulia kesi kwa kifungu ambacho, kwa maneno yangu, kinasema ukikutwa barabarani kwa wakati na katika hali inayofanya ionekane una nia mbaya, tayari una kosa. Hebu kisikilizeni vizuri. Hakiulizi umefanya nini. Kinauliza unaonekanaje, na anayejibu ni mwenye tochi. Mwenye suti akitembea saa hiyo anaitwa bosi aliyeharibikiwa gari.

Gwanda akagoma, akakipeleka kifungu chenyewe mahakamani. Tarehe 10 Januari 2017 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema kinakiuka katiba. Karibu miaka mitatu, kisa kwenda sokoni mapema.

Mnajifariji kwamba hayo ni ya Malawi? Fungueni Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania, pale penye wazururaji. Maneno ni yale yale, maana aliyetuandikia ni mmoja. Miezi mitatu kosa la kwanza, ukirudia mwaka. Mwingereza aliyachota kwenye sheria yake ya uzururaji ya 1824, ya enzi za askari waliotoka vitani hawana kazi wala pa kulala. Kwake, kile kipande cha kumkamata mtu kwa kumshuku tu alikifuta 1981, mwaka ule ule Brixton, mtaa wa London, ilipowaka moto kwa ghasia za vijana na polisi. Sisi tumekitunza kama bangili ya bibi. Tena 1983 tukakiongezea mbolea, sheria ya kuwalazimisha watu kufanya kazi, tukaiita Nguvu Kazi. Mliokuwepo Dar mnakumbuka ile kamatakamata.

Mwaka fulani nilikwenda kumdhamini kijana muuza kahawa. Birika liko kaunta, mkaa umezimika, vikombe vimelala kwenye ndoo ndogo ya maji. Kosa lake? "Uzururaji." Nikamuuliza afande, muuza kahawa asiyezunguka anamuuzia nani? Akacheka. Na lazima niwe mkweli, mbele yake kulikuwa na kikombe kitupu.

Mama hapo mbele ananitazama kwa jicho la Panya Road, yale makundi ya vijana wa mapanga wa Dar. Sawa, mama yangu, hofu yako si ya kuchekwa. Lakini anayekuvamia kwa panga anaitwa mnyang'anyi wa kutumia silaha, na hakimu hana ruhusa ya kumpa chini ya miaka 30. Anayetukana hadharani mpaka watu watake kushikana mashati ana kifungu chake. Baa inayopiga muziki saa nane usiku ina wasimamizi wa mazingira wa serikali. Vifungu vimejaa. Unapiga simu kituoni unaambiwa gari halina mafuta, halafu unakuja hapa kuomba kifungu kipya! Kifungu hakijazi tangi, mama.

Mtaniambia mbona Uingereza wenyewe wanaongeza. Wanabadilisha majina. Mwaka 1998 walitunga amri ya mahakama ya kumkataza mtu jambo ambalo lenyewe si kosa, kama kukanyaga mtaa fulani. Akikanyaga, jela hadi miaka mitano. England na Wales wakaifuta kwa sheria ya 2014, wakaweka amri nyingine. Mwaka 2025 wakapeleka bungeni muswada wa "amri za heshima", katazo lile lile kwa jina jipya. Dawa inayoponya hubadilishiwi chupa kila baada ya miaka kumi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, si hukumu. Wakili, nimekuona unavyotikisa kichwa. Lakini mahakama hiyo iko Arusha, jamani. Mtu anapanda basi asubuhi.

Habari za polisi jamii na za kubambikiwa kesi naziacha, zinataka siku yake. Yule mzee wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipotaja kahawa. Mzee wangu, shikamoo, karibu.