Jeli inayoshika halafu ikaachia

Haya tuanze, muda wenyewe mdogo. Leo ni kuprinti seli hai ndani ya jeli. Hii sahani ina jeli ya gelatini na bomba dogo lililoprintiwa ndani yake, naiweka kwenye joto la digrii 37, msiisahau, tutairudia.

Nani ana chupa ya jeli ya nywele, ile angavu? Mmeona mapovu ndani yake? Yamekaa palepale, hayapandi wala hayashuki. Ila ukitumbukiza kidole jeli inakupisha kama uji, ukikitoa inajifunga tena. Basi mada yetu yote ni hiyo.

Shida ya kuprinti seli hai ni kwamba wino wenyewe ni laini mno, yaani kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) au alginati (ute wa mwani) yenye seli ndani, ukiumwaga hewani hata tabaka la tatu hufiki umeshaporomoka. Ukiufanya mzito ili usimame seli zinakamuliwa kwenye sindano zinakufa, na zitakazopona zinabanwa, hazitambai. Kwa hiyo watu wakasema tuuache wino ulivyo, tubadilishe mahali pa kuprintia. Sindano ikazamishwa ndani ya jeli.

Mwaka 2015 kundi la Adam Feinberg pale Carnegie Mellon, Marekani, lilisaga gelatini, ile ya jeli za kula, kwa blenda ikawa chembechembe, wakaiita mbinu hiyo FRESH. Mwaka huohuo watu wa Chuo Kikuu cha Florida nao wakatoa ya kwao, wakitumia Carbopol, ambayo ndiyo hiyohiyo ya kwenye jeli za nywele. Carbopol inashika vizuri sana lakini haipendi chumvi, na maji ya kukuzia seli yamejaa chumvi, ukichanganya hovyo inalegea. Mimi nipo upande wa gelatini, siwafichi.

Sasa kuipima. Jeli ikiwa dhaifu uzi wa wino unazama au unaburutwa na sindano. Ikiwa kali mno, sindano inaacha ufa nyuma yake kama mfereji, na wino unapanda humo. Bomba langu la kwanza lilitoka na mkia ubavuni kama wa panya, nikalaumu printa wiki nzima kumbe jeli! Halafu kuna ukubwa wa chembe: zikiwa kubwa uzi unatoka na mabonde. Mwaka 2019 kundi lile la FRESH lilishusha chembe hadi mikromita 25 hivi (mikromita elfu moja ndiyo milimita moja), zikawa za mviringo, wakaprinti kolajeni kwa nyuzi za mikromita 20.

Na jeli haishiki tu jamani, inapika pia. Kolajeni tunaitunza kwenye asidi ili isigande, sasa ndani ya jeli tunaweka bafa, yaani kemikali ya kutuliza asidi, wino ukitoka tu asidi inauawa, kolajeni inaganda hapohapo. Alginati yenyewe inataka kalsiamu. Ukizidisha kalsiamu, wino unagandia mdomoni mwa sindano, kazi imeisha.

Kuna na saa. Kipande kikubwa kinakula masaa, seli zipo humo zinasubiri, hewa haizifikii vizuri. Ndio maana mtu akinionyesha picha ya kiungo kizima mimi nauliza kwanza kilichukua muda gani, seli ngapi ziko hai.

Tulete sahani yetu. Ilikuwa na ukungu mweupe, saa hizi gelatini imeyeyuka kwa joto imekuwa maji, bomba limebaki peke yake. Usitikise! Chovya mrija wa kunyonyea pembeni, vuta maji polepole, halafu subiri kidogo, maana gelatini ya ndani ya tundu ndiyo huyeyuka mwisho.