Mguno ni ndiyo au hapana?

ZUHURA: Wasikilizaji, leo Baraka kaja kanuna. Hata chai hajaigusa.

BARAKA: Sijanuna. Nimekabrashwa.

ZUHURA: Haya, waeleze.

BARAKA: Ile programu huria ninayoitafsiri, mnaijua. Tangu mwanzo wa mwaka kila folda nimeiandika "kabrasha". Ijumaa saa nne usiku mtu kaweka hoja kwenye kundi: turudi kwenye folda, mwisho wa kura kesho saa mbili asubuhi. Mimi niko Bagamoyo msibani, simu imezima. Nawasha Jumamosi mchana, makabrasha 210 yamefutwa! Tuko watu 31, waliopiga kura sita.

ZUHURA: Msiba pole sana. Kabrasha sikupi pole. Mjomba wangu alikuwa karani wa wilaya, kabrasha alilibeba kwapani. Kwenye simu ni folda.

BARAKA: Sigombanii neno, nagombania muda wa saa kumi tu, tena usiku! Apache, wale wenye miradi mingi ya programu huria, hoja ikihitaji kura wanaipa angalau saa 72, maana kuna mwenzao kalala upande wa pili wa dunia. Na ukipinga mabadiliko ya programu, ile -1 yako, yaani kura ya kukataa, uiambatanishe na sababu ya kiufundi.

ZUHURA: Na asiyejibu?

BARAKA: Kwenye mambo mengi madogo, kimya ni ridhaa.

ZUHURA: Kama bibi harusi.

BARAKA: Bibi harusi angalau kaulizwa!

ZUHURA: Lakini kura inavusha. Python, ile lugha ya kuandikia programu, Julai 2018 muasisi wake Guido van Rossum kachoshwa na ugomvi wa alama moja tu, nukta mbili na sawasawa, akaachia ngazi. Hakuacha mrithi. Wakapiga kura kuchagua mfumo wa uongozi, wakapata baraza la watu 5. Maisha yakaendelea.

BARAKA: Na Debian, wale wa mfumo huria wa kompyuta, 2014? Kamati yao ya ufundi iliamua programu ipi iwe ya kuamsha kompyuta. systemd kura 4, upstart kura 4. Kura ya mwenyekiti ya kuvunja sare ikaamua. Walioudhika wakajitenga, wakaanzisha Devuan. Ndiyo maana mimi nawapenda IETF, wanaotunga kanuni za intaneti. Hawapigi kura. Desturi yao ya ukumbini ni kuguna.

ZUHURA: Wana nini?

BARAKA: Mwenyekiti anasema, wanaokubali wagune. Ukumbi mzima: mmmmm. Wasiokubali nao: mmmmm. Anasikiliza. Hakuna mkono juu, kwa hiyo humchungulii bosi wako.

ZUHURA: Baraka, mguno wa kukubali kwetu uko wapi? Mama yangu akiguna, mchumba hana chake.

BARAKA: Tuseme basi wanavuma.

ZUHURA: Wanaovuma ni nyuki. Hebu guna "ndiyo".

BARAKA: Mhm.

ZUHURA: Hiyo ni "nakusikia ila sikuamini". Tena.

BARAKA: Mmh.

ZUHURA: Hiyo ni ya nauli ya bodaboda usiku! Mkutano wa Waswahili kwa mtindo huo, kila hoja itakufa.

BARAKA: IETF waliandika wenyewe, 2014: watu 100 wakikubali na 5 wakipinga, huenda bado hamjaafikiana. Kinachotazamwa ni kama hoja ya wale watano imejibiwa.

ZUHURA: Kwa hiyo wewe peke yako ungetuzuia?

BARAKA: "Ungetuzuia"? Zuhura, na wewe ulikuwemo kwenye wale sita?

ZUHURA: ...Nilikuwa macho.

BARAKA: Mh!

ZUHURA: Huo nimeuelewa. Lakini kaka, wanaokesha na kazi ndio wanaoamua. Toleo lilikuwa linatoka Jumatatu.

BARAKA: Nilikuwa nazika!

ZUHURA: Najua, na msiba nimekupa pole. Ila kila neno lisubiri siku tatu, tutamaliza lini?

BARAKA: Si kila neno. Neno ambalo mwenzako kalifanyia kazi miezi.

ZUHURA: Hapo ndipo kila mtu ataanza kumiliki maneno.

BARAKA: Na nyie mtamiliki usiku.

ZUHURA: Sibadilishi kura yangu.

BARAKA: Sijakuomba ubadilishe. Nasema haikuwa kura.

ZUHURA: Mwenye chumba anagonga mlango, tumebakiwa na dakika moja. Tulikuwa na mambo matano ya kuwashauri wenye makundi...

BARAKA: Hata la kwanza hatujaligusa.

ZUHURA: Wiki ijayo, basi. Nayahifadhi kwenye folda.

BARAKA: Mmmmm.

ZUHURA: Kunywa chai yako, imeshapoa.