Maiti Tatu Kati ya Seli Elfu Moja

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka leo macho mekundu!

BARAKA: Dada Zuhura, juzi nimeinamia hadubini saa mbili nzima. Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo; adenoma, yaani uvimbe usio saratani. Nimehesabu seli elfu moja nikitafuta zinazojifia zenyewe. Nimepata tatu.

ZUHURA: Tatu zenye apoptosisi?

BARAKA: Apotosisi.

ZUHURA: Haya, ameanza. P ya pili umeipeleka wapi?

BARAKA: Waliolitoa jina mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie, waliandika wenyewe chini ya ukurasa: p ile isitamkwe. Ni Kigiriki, kama majani yanavyopukutika mtini. Na mkazo uwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

ZUHURA: Kumbe mkazo wa Kiswahili kabisa! Lakini p naitaka. Tezi hiyohiyo ina apopleksi: uvimbe unavuja damu ghafla au unakosa damu, mtu anaumwa kichwa vibaya, macho yanafifia. Hiyo ni dharura. Majina haya yasikaribiane zaidi ya yalivyo.

BARAKA: Ukisema apotosisi ndiyo yanaachana!

ZUHURA: Ulizionaje hizo tatu?

BARAKA: Seli imesinyaa, imejitenga na wenzake, rangi ya eosini imeipaka waridi kali. Kiini kimekuwa vidonge vyeusi, laini, mviringo. Na pembeni shwari, hakuna uvimbe-joto. Nilibaki nikiitazama ya pili muda mrefu, ilivyokufa kwa utaratibu.

ZUHURA: Nzuri kutazama. Ila usiiweke kwenye ripoti.

BARAKA: Kwa nini?

ZUHURA: Maiti hizo humezwa na seli jirani ndani ya saa chache. Umehesabu za saa hizo chache tu, basi. Uchache wake hausemi kwamba hazifi.

BARAKA: Mitosisi, seli kugawanyika, nayo hupita haraka, mbona tunaihesabu?

ZUHURA: Mitosisi ina sura yake. Tishu ya pituitari ni laini, hupondeka ikitolewa, na kiini kilichopondwa kitakudanganya.

BARAKA: Kilichopondwa huvutika kama uzi. Changu kilikuwa mviringo. Na nitapaka TUNEL, rangi ya kupimia.

ZUHURA: TUNEL inaonyesha DNA iliyokatika. Nekrosisi, seli kufa kwa kuumia, nayo hukata DNA.

BARAKA: Basi kaspesi-3, kimeng'enya cha kifo hiki chenyewe. Dada, saratani za pituitari zimeonekana kuwa na apotosisi nyingi kuliko adenoma. Namba ina maana.

ZUHURA: Kwa kundi, ndiyo. Kwa mgonjwa mmoja mwenye seli tatu, hapana. Sikubali.

BARAKA: Nami nitaiandika.

ZUHURA: Andika, na p yake.

BARAKA: Kuandika naiandika! Kutamka ndiyo siitamki.

ZUHURA: Dakika imebaki moja. Tulipanga mambo matatu: dawa ya kabegolini, kwa nini prolaktinoma, adenoma inayotoa homoni ya prolaktini, hunywea seli zikipungua ukubwa, na...

BARAKA: La tatu lilikuwa Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika.

ZUHURA: Hatuwahi. Wiki ijayo njoo na slaidi, tuhesabu wote wawili.

BARAKA: Apotosisi.

ZUHURA: Apop—