Mbona Muvi za Wachina Kila Siku?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimewasha kamera kwa sababu ya swali moja. Kila nikiweka video, halikosekani: "Dada, uko Marekani, mbona muvi za Wachina tu?" Mwingine kaandika nimeanza kuringa. Siringi jamani, wala sikuja kulia shida. Kodi nimelipa, watoto wanasoma.

Bibi mzaa mama alifariki Tanga mwaka juzi. Sikwenda kumzika. Ombi langu la ukaazi lilikuwa bado ofisini, na kwa hali yangu, kutoka nchini bila kibali cha kusafiri ni kama nimelitupa mwenyewe. Wakili nilimlipa dola 900 aniombee hicho kibali. Akakosea tarehe yangu ya kuzaliwa, fomu ikarudi. Mjomba mpaka leo hapokei simu yangu, anasema nilinunua TV badala ya tiketi. Ile TV nilipewa na jirani aliyekuwa anahama!

Basi, wiki ya tatu ya msiba, mapumziko ya zamu ya usiku, nikaiona *The Farewell* ya Lulu Wang, ya 2019. Binti yuko New York, bibi yake yuko Changchun, kule China, na saratani ya mapafu, na ukoo mzima umekubaliana bibi asiambiwe. Wanatunga harusi ili wote wapate sababu ya kurudi kumwona. Wenzangu kazini walishangaa uongo gani huo. Mimi nililia, maana hata kwetu bibi hakuambiwa.

Ila inayonikaa rohoni ni *Comrades: Almost a Love Story*, ya Peter Chan, 1996. Maggie Cheung ni msichana wa Guangzhou, China bara, yuko Hong Kong anajifanya mwenyeji. Anaweka akiba yake kwenye kaseti za Teresa Teng, akauze mkesha wa mwaka mpya. Watu wa bara wanampenda mno yule mwimbaji, na mjini wamejaa. Kaseti hazitoki. Ukionekana unanunua, watajua umetoka bara.

Hapo nilisimamisha muvi. Kila asubuhi nikifika geti la kazini, nazima taarabu kwenye gari. Hakuna aliyewahi kuniambia nizime. Miaka sita nazima.

Na hao watu wameanza zamani kuteswa na makaratasi. Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina 1882, ikaja kuifuta sheria hiyo 1943, na hapo ikawapa nafasi 105 kwa mwaka. Ndiyo maana ukikutana na *The Wedding Banquet* ya Ang Lee, ya 1993, ndoa ya grini kadi, unaona wanaongea kitu wanachokijua. Nyie mnaoniandikia niwatafutie mtu wa kuoana naye mpate makaratasi, mimi hapana. Huku ni kosa la jinai, na kwenye ile muvi wazazi wanafunga safari kutoka Taiwan wakiamini ni ndoa ya kweli. Mimi nasema yangu tu, kila mtu na safari yake. Usije ukafanya jambo ukasema dada wa video ndiye kasema.

Kibali kilitoka mwezi uliopita. Tiketi bado naidunduliza, labda Desemba. Mjomba, kama unaangalia hii, leo usiku nitapiga tena. Naomba upokee.