Kanda Iliyoloa Isiwahishwe Mashineni

Mabibi na mabwana, wahifadhi wenzangu na nyinyi mafundi wa redio, asanteni kwa kufika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nimekuta kanda stoo, imeshika ukungu, nijaribu kuipiga nione kama bado nzima?" Nakuombeni, msijaribu. Niliwahi kuletewa kanda ya hotuba ambayo mwenyewe alikwisha "kuijaribu" mara tatu. Nilichokuta kwenye kichwa cha mashine, kile kinachosoma kanda, ni unga wa kahawia. Unga ule ndio uliokuwa sauti ya mzee aliyetoa hotuba ile. Naumia mpaka leo.

Sasa sikilizeni habari ya Texas. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga Columbia kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafariki. Tarehe 19 Machi, watu waliokuwa wakipekua pori karibu na Hemphill wakaokota kinasa data chake, na ndani mna kanda ya sumaku ya upana wa inchi moja. Imeanguka kutoka makumi ya kilomita angani, imelala nje zaidi ya wiki sita. Taifa zima linasubiri jibu! Hata hivyo hakuna aliyekimbilia kuisikiliza. Ilipelekwa kwanza kwa wataalamu wa kampuni ya Imation, Minnesota, wakaisafisha na kuiimarisha, kisha ikanakiliwa. Kumbukumbu za mamia ya vihisio zikaonyesha kwamba ukingo wa bawa la kushoto ulianza kuelemewa dakika kadhaa kabla ya walioko ardhini kuona dalili yoyote.

Iliwezekanaje? Kanda ni plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma, zikashikwa na gundi. Sumaku ya chembe zile ni sugu: inahitaji joto la mamia ya nyuzi kuifuta, na plastiki huyeyuka kabla ya hapo. Maji hayaigusi. Kinachooza ni gundi. Gundi ya poliyurethani, iliyotumika sana kwenye kanda za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu na kuvunjikavunjika, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Kanda inanata, inapiga kelele ikipita kichwani, inaacha rangi.

Dawa yake ni kuioka taratibu, nyuzi 54 hivi za Selsiasi, saa nane au zaidi, katika tanuri linaloshika joto bila kupandisha wala kushusha. Jiko la nyumbani halifai. Nafuu hiyo ni ya wiki chache tu, kwa hiyo mashine ya kunakilia iwe tayari kabla tanuri halijawashwa.

Kanda iliyozama kwenye maji machafu, msiianike juani. Tope likikaukia ndani, mizunguko hugandana. Iacheni ikiwa mbichi, isuuzwe kwa maji safi ya baridi.

Na kanda ambazo plastiki yake ni ya aina ya asetati haziokwi kabisa, zitaharibika. Za namna hiyo zikioza hunuka siki, na ukiielekeza rili, yaani kanda ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, kwenye mwanga, mwanga hupenya. Ya poliesta, plastiki ya aina nyingine, huuzuia. Hapa mezani nina rili mbili, sijaziandika majina. Sogeeni dirishani, kila mmoja azishike kwa zamu aniambie ipi ni ipi.